Mchango wa Kumponya Akech

Ugunja, Siaya
24 Juni 2021

Mpwa wangu Akeyo,

Nakusalimu, na nakuombea afya katika majira haya mabaya. Sisi huku tunaendelea. Mahindi yamebeba vizuri, ingawa viwavi wameharibu upande wa mtoni. Kanisani tunaruhusiwa wachache tu, nao hukaa mbali mbali kama watahiniwa, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu ualimu nimeona watu wazima wakinyamaza wanapoambiwa wanyamaze.

Unajua kwamba simu hainifai tena. Sikio la kulia limekufa, na la kushoto husikia tu watu wanapogombana. Kwa hiyo naandika. Barua hii ataileta Ramathan, yule Mnubi wa Kisenyi anayeendesha lori la chumvi. Magari ya abiria yamezuiwa kuvuka mpaka, lakini chumvi haipimwi homa. Ramathan husimama kunywa chai dukani kwa mkazamwana wangu, Akumu, na ameahidi kukufikishia Kawempe mkono kwa mkono.

Nije kwenye jambo lenyewe. Juzi Akumu alinionyesha katika simu yake ukurasa wa michango ulioufungua mtandaoni. Nilimwona dada yangu amevaa gauni lake la kijani, anacheka, na juu yake umeandika: "Tumsaidie Mama Akech apate hewa." Chini kuna mstari unaojaa kadiri watu wanavyotoa. Nikamuuliza Akumu, "Hawa wote wanamjua?"

Akanijibu kwa sauti ya kugombana, "Baba, wengi wamekula samaki wake pale Kamwokya. Wengine wameona picha tu."

"Mtu anatoa fedha kwa ajili ya picha?"

"Ndiyo harambee ya siku hizi, Baba. Tena haina mgeni rasmi wa kuchinjiwa mbuzi."

Sikukatazi. Mgonjwa wa mapafu hawezi kungoja tuuze mavuno. Lakini nina neno moja, nalo ndilo lililonitoa usingizini. Baba yako hakuleta hapa ng'ombe hata mmoja. Kwa sheria ya Wajaluo, Akech angali binti wa boma hili, na mahali pake panajulikana: nje ya ua, kushoto mwa lango, karibu na kaburi la shangazi yetu. Akipona, aje apumzike kwangu. Bwana akimchukua, aje vilevile. Asibaki huko.

Niandikie anapumuaje, anakula nini, anasema nini. Na uweke tarehe. Mara ya mwisho hukuweka.

Mjomba wako,
Cleopas


Kawempe, Kampala
8 Julai 2021

Mjomba Cleopas,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea ikiwa na harufu ya chumvi na dizeli. Mimi ni mzima. Mitumba yangu imefungiwa stoo kwa sababu ya marufuku, na wauza vyakula peke yao ndio walioachwa sokoni. Jirani yangu aliyekuwa akisuka nywele sasa anauza nyanya, na anazipanga kwa mistari kama anasuka.

Mama yuko hospitalini bado. Analala. Kile kikohozi kilichokuwa kikimtesa kimeacha. Jana waliniruhusu kumwona kwa muda mfupi, nikaona uso wake umetulia, na mikunjo ya paji la uso imepungua. Simu hapewi, na wageni hawakai. Hospitali haitamruhusu kutoka mpaka bili ilipwe, kwa hiyo ukurasa sijaufunga. Watu wa Kamwokya wananisaidia sana, na wengine wanatoa kutoka mbali.

Usijaribu kuja, Mjomba. Hata kutoka wilaya moja hadi nyingine tumezuiwa.

Nashukuru kwamba umeandika na hukupiga simu. Katika barua mtu hupata nafasi ya kukaa na maneno yake.

Mpwa wako,
Akeyo


Ugunja, Siaya
20 Julai 2021

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Tumeanza kuvuna. Mwinjilisti wetu aliugua wiki mbili, akapona, na sasa anahubiri kwa urefu uleule wa zamani. Akumu amejifungua mtoto wa kiume salama.

Barua yako imeandikwa vizuri. Nimeisoma mara nyingi, na kila nikiimaliza naona kuna mtu hayumo. Nimemfahamu Akech tangu nilipokuwa nikimbeba mgongoni. Hajawahi kulala siku mbili bila kumlaumu mtu. Kama yu hai, amekwisha kusema uji wa hospitali ni maji ya kuoshea masufuria. Amekwisha kuuliza kwa nini mimi sijaja. Wewe umeniandikia uso uliotulia. Uso huo siujui.

Nitakuambia jambo, nawe usiwaambie watu kwamba mjomba wako amezeeka vibaya. Jumatano, kama saa tisa mchana, nilikuwa nimekaa kibarazani. Jua lilikuwa kali na ua wote ulikuwa mweupe. Akech alikuwa amesimama karibu na jiko la nje, viatu mkononi, kama mtu aliyevuka matope. Nikamwita. Hakuja wala hakuondoka. Mimi nisiyesikia kengele ya kanisa nilimsikia akihema. Kila pumzi nilihesabu kuwa ya mwisho, kisha ikaja nyingine. Akumu alipotoka na beseni la nguo, alipita pale pale Akech aliposimama, na baada ya hapo palikuwa na ukuta tu.

Amekuja mara tatu tangu siku hiyo. Huja mchana tu, wala haingii ndani.

Sasa fanya hivi. Ukiruhusiwa tena kumwona, muulize mbwa wetu wa utotoni aliitwaje. Katika walio hai, ni mimi na yeye tu tunaojua. Niletee jibu lake.

Mjomba wako,
Cleopas


Kawempe, Kampala
2 Agosti 2021

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Marufuku imelegezwa na nimefungua mitumba. Wateja wanashika nguo kwa ncha za vidole kama zinauma.

Swali lako nimelichukua. Nilikwenda nalo, lakini pale mtu hawezi kuuliza vitu vya namna hiyo. Bado analala.

Nakuomba Akumu asikuonyeshe kila ninachoandika mtandaoni. Yale ni maneno ya huko. Watu wanaochanga wanahitaji kusikia kwamba mchango wao unafanya kazi. Nikinyamaza wiki moja, mstari unasimama.

Umesema anashika viatu mkononi. Ni viatu gani? Nijibu hilo tu, Mjomba, hata kama hutajibu lingine.

Akeyo


Ugunja, Siaya
23 Agosti 2021

Mpwa wangu Akeyo,

Nakusalimu kwa upole kuliko siku zote. Mavuno yameingia ghalani. Mtoto wa Akumu ameanza kutabasamu.

Viatu ni vyeusi, visivyo na kisigino, na cha kushoto kimekatika mkanda.

Jumapili ile ya kwanza ya mwezi, Akumu alisoma kanisani maneno yako ya mtandaoni: "Leo Mama amefungua macho, ameomba uji." Watu wakasimama, wakaimba, wakatoa sadaka ya shukrani. Mimi nilibaki nimekaa. Mchana ule ule alikuja akasimama karibu zaidi, kwenye nguzo ya kibaraza, na kuhema kwake kulikuwa kwa mtu anayemalizia pumzi.

Ramathan alipopita nilimshika mkono. Nilimwambia, "Wewe unaishi huko. Wanaokufa kwa ugonjwa huu Kampala wanapelekwa wapi?"

Akaniandikia kwenye karatasi ya sigara, maana alichoka kupiga kelele: "Mwalimu, wengine wanazikwa na watu wa afya, wamejifunika mwili mzima. Ndugu wanasimama mbali barabarani. Wengine hawaonyeshwi hata kaburi."

"Na mtoto akizikiwa mama namna hiyo, ataniandikiaje?"

Ramathan akatazama chai yake. Kisha akaandika: "Ataandika kwamba mama analala."

Ndipo nikaelewa. Umempoteza, hujui alipolazwa, na umeona haya kuniambia. Mwanangu, sikukasirikii. Lakini aliyekufa mbali bila mwili kurudi hawezi kuachwa akizunguka mlangoni. Wewe umekulia Kampala na huenda hujaona jambo hili likitendwa. Kuna mti tunaouita yago, wenye tunda refu, zito kama kitoto, linaloning'inia kwa kikonyo kama kamba. Mwili usipopatikana, tunda hilo huzikwa badala ya mtu. Hulazwa kama mtu, huliliwa kama mtu, na baada ya hapo mtu huyo amezikwa. Mambo yake yamekwisha.

Tulifanya hivyo tarehe 19. Nilichagua tunda mwenyewe. Wanawake walilivika blauzi yake aliyoiacha hapa na leso ya buluu. Tulilia kama inavyopasa. Mahali ni pale pale, kushoto mwa lango. Tangu siku ile hajaja.

Funga ukurasa sasa. Waambie watu ahsante.

Mjomba wako,
Cleopas


Kawempe, Kampala
1 Septemba 2021

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za jirani.

Umefanya nini, Mjomba? Mama hajazikwa. Sikumpoteza. Najua alipo, nimemwona jana.

Alifariki alfajiri ya tarehe 29 Juni. Barua yako ya kwanza ilinifikia yeye akiwa tayari kwenye barafu. Hospitali ilikataa kumtoa. Yule wa dirisha la malipo aliniambia bila hata kuinua kichwa, "Nyabo, kwanza malipo, halafu mwili." Nilirudi nyumbani nikakaa na simu, nikaandika kwenye ukurasa: "Mama yetu ametutoka." Kabla sijabonyeza, nikakumbuka mwanamume mmoja tuliyekuwa tukingoja naye nje ya wadi ya wagonjwa mahututi. Na yeye alikuwa na ukurasa wake kwa ajili ya kaka yake. Siku aliyotangaza kifo alipokea pole nyingi kuliko siku zote, na hakupokea kitu kingine tena. Mpaka naondoka alikuwa bado anazunguka pale, akiomba apewe mwili.

Watu huchangia pumzi, Mjomba. Hakuna anayechangia barafu. Nikafuta nilichoandika, nikaweka: "Bado anapigana." Ulisema asibaki huku, nami sikuwa na njia nyingine ya kumtoa.

Kila nilichokuandikia wewe kilikuwa kweli. Analala. Kikohozi kimeacha. Uso umetulia. Nilichagua maneno kama mtu anayepita kwenye matope. Lakini kule ukurasani nilidanganya wazi, na kadiri nilivyodanganya ndivyo nilivyoanza kungoja. Nilipoandika kwamba ameomba uji, nilijikuta napika uji.

Anayetunza chumba cha maiti ni Mkongo wa Beni, anaitwa Kakule. Ndiye huniruhusu kuingia. Huniambia, "Dada, umekuya tena? Mama yako haiko anaenda fasi yoyote. Siye tuko naye hapa." Siku moja nilimkuta anamsalimu kila aliyelala kwa jina. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wote iko wageni hapa. Mugeni anasalimiwa, hapana?"

Viatu ulivyovieleza ninavyo mimi. Walinikabidhi kwenye mfuko wa plastiki siku ya tarehe 29, na cha kushoto kimekatika mkanda. Mkanda ulikatika siku ile tuliyompandisha kwenye gari kumpeleka hospitali, baada ya picha yake ya mwisho kupigwa. Hakuna aliyekuambia.

Mstari umebaki kidogo ujae. Sasa niambie. Kule ukurasani yuko hai, hapa yuko barafuni, kwako yuko kaburini. Nikimleta, utampokea?

Akeyo


Ugunja, Siaya
12 Septemba 2021

Akeyo,

Nimeyapokea. Tumo katika uzima.

Sikulala juu ya barua yako; nilikwenda nayo kwa wazee wa ukoo. Niliwasomea yote, na sikuruka hata mstari unaokuaibisha, wala ule unaoniaibisha mimi. Mwenyekiti wao aliniandikia kwa chaki sakafuni, kwa sababu hakutaka kupaza sauti juu ya jambo hilo: "Akech tumemlilia na tumemzika. Huyo anayekuja ni nani?"

Nikajibu, "Ni Akech."

Akaandika tena, "Basi tuliyemzika ni nani?"

Nilimfundisha huyo bwana darasa la sita, na siku hiyo yeye ndiye aliyenitahini. Kumlaza mtu wa pili juu ya jina lile lile ni kuita msiba mwingine, na wanaogopa kwamba wa tatu atatafutwa miongoni mwa watoto. Mtoto wa Akumu ndiye mdogo kuliko wote. Tulibishana siku mbili. Wamekubali kwa masharti, nami nimekubali kwa sababu sina haki ya kukataa. Ni mimi niliyekwenda kwenye mti.

Kabla ya kitu chochote, utaandika ukweli kwenye ukurasa ule, hata kama mstari haujajaa. Sitamlaza kaburini mtu ambaye kwingineko wageni wanaomba apone. Hilo si sharti la wazee. Ni langu. Umewachukulia watu maombi yao ukayapeleka mahali pasipo na mtu.

Pia, kaburi utalifungua wewe. Wewe ni mtoto wa dada, na katika boma la wajomba zake mtoto wa dada hutenda yale ambayo sisi wenye boma tumekatazwa. Hakuna mwanamume wa hapa atakayeshika jembe. Utalitoa lile tunda kwa mikono yako.

Na tukishampokea mama yako, tunda haliwezi kutupwa wala kuchomwa. Limeliliwa. Wazee wanasema umewaambia watu kwamba Akech anaishi Kampala; basi huyo wa Kampala utarudi naye Kampala. Niliona ni neno la ukatili. Bado naliona hivyo. Lakini nimeweka mkono wangu.

Cleopas


Kawempe, Kampala
5 Oktoba 2021

Mjomba,

Shikamoo. Nawaombea nyote, hasa mtoto wa Akumu.

Nimeandika. Niliweka tarehe ya kifo kama ilivyo. Kwa saa nzima hakuna aliyejibu, kisha wakaja wote. "Rudisha pesa zetu, mchawi wewe." "Unauza mamako?" Mmoja wa Kamwokya, ambaye Mama alikuwa akimwachia vichwa vya samaki bure, aliandika, "Ungeniambia nikuletee jeneza ningeleta." Na mwanamke mmoja aliye Uingereza, ambaye hatujawahi kuonana, aliuliza tu, "Nilikuwa nikimwombea kila Ijumaa. Nilikuwa nikimwombea nani?" Wale wa matusi nimewavumilia. Huyu ananifuata hadi sokoni.

Nimewaomba radhi mmoja mmoja. Waliotaka kurudishiwa nitawarudishia, hata ikinichukua miaka.

Lakini hasira yao ilikwenda mahali nisipotarajia. Walianza kuuliza ni hospitali gani inayoshikilia wafu. Siku ya tatu nilipigiwa simu na sauti ya upole sana: "Njoo umchukue mama yako leo, dada. Deni tutaelewana. Ila jina letu lisionekane." Miezi mitatu nimedanganya ili wamtoe, na kilichomtoa ni ukweli. Usinijibu hilo, Mjomba. Najua utakavyolijibu.

Gari limepatikana, na karatasi za mpakani zimepigwa mihuri. Kakule alimfunga vizuri. Alimwambia, "Mama Akech, safari njema. Utusamehe baridi."

Tutafika Ijumaa.

Akeyo


Kawempe, Kampala
21 Novemba 2021

Mjomba Cleopas,

Shikamoo. Wasalimie wote, na umshukuru Akumu kwa maji ya moto siku ile. Mikono imepona.

Hatukuzungumza nilipokuwa huko. Nilipolifungua kaburi niliona mmegeuza migongo, mistari yote miwili, nikajua ni sheria, lakini ni wewe peke yako uliyesimama karibu kiasi cha kunisikia, na wewe husikii. Kwa hiyo nakuambia sasa. Tunda halikuwa limeoza. Nilitegemea kukuta uchafu. Lilikuwa gumu, baridi, na zito kuliko ambavyo ungedhani mtu anaweza kubeba, na blauzi ilikuwa imelowa kwapani.

Nilirudi nalo kwenye lori la Ramathan, nimelipakata. Pale mpakani Busia askari alifungua mlango.

"Hiyo nini?"

Ramathan akanitangulia, "Afande, ni mama yake."

"Mama yake ni tunda?"

"Wewe unamjua mama yake?"

Askari alicheka mpaka akasahau kuangalia chumvi. Mimi sikuweza kucheka. Baada ya Iganga, Ramathan alizima redio mwenyewe. Akasema, "Akeyo, mwambie apunguze kuhema, nashindwa kuendesha." Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikisikia.

Nilikusudia kulizika. Lakini hapa nina chumba tu, na ua wote umepigwa saruji. Mwenye nyumba wangu, Zuleika, alinitazama nikizunguka na jembe, akasema, "Kwangu hakuzikwi kitu, hata paka. Nyie wapangaji mkihama, mnaniachia mimi mizimu." Kwenye makaburi ya mji wanataka cheti cha kifo, na cheti kimetumika. Nililiweka chini ya kitanda. Nikaona ni kumkosea heshima. Sasa limelala kwenye kitanda cha Mama.

Ukurasa niliufunga. Lakini picha yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Kuna watu nisiowajua wamefungua kurasa nyingine kwa uso ule ule na gauni lile lile la kijani. Kwenye mmoja anaumwa figo. Kwenye mwingine ana jina la kizungu. Nimewaandikia waziondoe, hawajibu. Na huko nako watu wanamtakia afya, maelfu, kwa lugha nyingine hata sizijui.

Basi jioni, nikishafunga mlango, namsomea salamu hizo. Nakaa kwenye ukingo wa kitanda, naanza na waliomwandikia siku hiyo. Ninaposoma, kuhema kunatulia. Nikiacha, kunaanza tena. Najua utasema ni dhambi. Niambie niache, Mjomba, nami nitaacha. Wewe ukisema, nitaweza.

Mpwa wako,
Akeyo


Ugunja, Siaya
14 Desemba 2021

Mpwa wangu Akeyo,

Nakusalimu. Udongo wa kaburi umeshuka vizuri na majani yameanza kuota. Mtoto wa Akumu anajigeuza mwenyewe, hakuna aliyefuatwa.

Umeniomba amri. Nimeiandika mara mbili, kwa maneno ninayoyaamini, nikaichana mara mbili.

Sikiliza. Tangu tulipomlaza, mama yako hajasimama tena uani. Ndivyo tulivyotaka, na wazee wameridhika. Kila siku saa tisa mchana naketi kibarazani, na ua ni mweupe, na mbele ya jiko hakuna mtu. Hata lile sikio la kushoto limezimika. Watu wanagombana mbele yangu na naona midomo tu. Kitu cha mwisho nilichokisikia duniani ni dada yangu akivuta pumzi, na nilikwenda mwenyewe kwenye mti nikakitafutia njia ya kukinyamazisha.

Unasema huko bado anahema. Ramathan naye ameniandikia hivyo hivyo, bila mimi kumuuliza.

Kwa hiyo, ukishamaliza kumsomea za wageni, msomee na hii yangu. Soma kwa sauti kubwa, hakupenda kunong'onezwa. Mwambie mvua za vuli zimetosha na maharage yamechanua. Mwambie wanakwaya wamegombana tena juu ya sare, na safari hii waliotaka rangi ya machungwa wameshinda. Mwambie kaka yake anamtakia nafuu, na kwamba akipata nguvu, aje; kitanda chake kimetandikwa.

Mwambie hayo yote. Ila usimwambie kwamba tumemzika.

Mjomba wako,
Cleopas